Skripti ya Usiku Isisubiri Kibodi: Mwongozo wa Maswali ya Uthibitisho kwenye Seva ya Ofisi

Seva nyingi za ofisi ndogo hapa Arusha hazina chumba chake. Utaikuta chini ya meza ya mhasibu au kwenye kona ya stoo, pamoja na UPS na stabilaiza. Fundi wake ni mmoja na anahudumia ofisi kadhaa: kampuni ya utalii Njiro, zahanati Sakina, shule upande wa Moshi. Kazi nzito, yaani bakapu, kufuta mafaili ya zamani na kuwasha upya hifadhidata, anaziachia skripti ya bachi, yaani faili la amri zinazoendeshwa mfululizo, inayoanza watu wakishafunga ofisi. Diski ikifa, kila mtu atajua. Kinachoiangusha skripti hiyo kimyakimya ni swali dogo la `Are you sure (Y/N)?`. Mbele ya kibodi hakuna mtu, amri inasubiri jibu, na kunakucha bila bakapu.

Ushauri unaozunguka miongoni mwetu ni kutia `echo y|` mbele ya kila amri inayouliza, ili herufi y iingie kama jibu bila mtu kubonyeza. Siukubali, na sababu nitazieleza hapa chini. Ninavyofanya mimi ni hivi: kila swali linajibiwa mchana na mtu anayeelewa kinachoulizwa, kisha jibu linaandikwa ndani ya amri yenyewe. Usiku skripti haiulizi chochote, na ikikuta hali isiyoitarajia inaacha kazi, haikubali tu ili imalize.

Mwongozo ni wa Windows Server na faili za .cmd au .bat. Linux nimeigusa kuelekea mwisho.

Hatua ya 1: Yakusanye maswali

Fungua dirisha la amri. Tengeneza folda ya majaribio, tuseme `C:\jaribio`, weka ndani mafaili yasiyo na kazi, kisha endesha amri za skripti yako moja moja kwa mkono ukizielekeza huko. Kila amri inapouliza, nakili swali zima neno kwa neno. Usiandike tu kwamba "inauliza Y/N", kwa sababu maswali mawili yanayomalizikia na Y/N yanaweza kuwa na maana zilizoachana kabisa.

Chukua `xcopy`. Ukinakili faili moja kwenda kwenye jina ambalo bado halipo, itakuuliza kama jina hilo ni la faili au la folda, na jibu inalotaka ni F au D. Faili hilo likiwa tayari lipo, inauliza kama iandike juu yake, na hapo majibu ni Yes, No au All. Sasa mtu aliyeandika `echo y| xcopy` akaijaribu faili likiwepo, ataona kazi imekwenda vizuri na kuondoka. Siku ofisi itakaponunua diski mpya iliyo tupu, swali litageuka kuwa la F au D, na Y yake haitakuwa na maana yoyote pale.

Ukishayakusanya, andika pembeni ya kila swali nani anapaswa kulijibu. Mengine jibu lake ni lile lile kila siku, kama kuandika juu ya nakala ya jana. Hayo utayafungia ndani ya skripti. Mengine jibu linategemea hali ya siku hiyo, na hayo yanataka skripti ichunguze kwanza. Yapo pia ambayo mashine haipaswi kuyajibu kabisa. Amri ya `format`, kwa mfano, haina nafasi kwenye skripti ya usiku hata kama ina swichi (nyongeza kama `/y` inayoandikwa baada ya amri) ya kuinyamazisha.

Hatua ya 2: Jibu kwa swichi ya amri yenyewe

Karibu kila amri ya usimamizi inayouliza ina swichi ya kuiambia isiulize. Hizi ndizo utakazokutana nazo mara kwa mara:

```
del /q "E:\bakapu\muda\*.*"
rd /s /q "E:\bakapu\muda"
xcopy "D:\ofisi\hesabu.xlsx" "E:\bakapu\" /y
net use Z: /delete /y
reg delete "HKLM\SOFTWARE\Jaribio" /f
schtasks /delete /tn "BakapuZamani" /f
```

Ona kwamba njia ya folda kwenye `xcopy` inaishia na mkwaju wa nyuma (`\`). Ndiyo inayoiambia kwamba lengo ni folda, na swali la F au D halitokei tena. Kwa `wbadmin`, swichi ni `-quiet`.

Ila kuwa makini na herufi, maana hazina maana moja kila mahali. Kwenye `del` na `rd`, `/q` ni kukaa kimya, lakini kwenye `format` ni kuumbiza haraka, jambo lisilohusiana na maswali. Kwenye `reg` na `schtasks`, `/f` ni "usiulize". Kwenye `del` ni kufuta hata mafaili ya kusomwa tu. Kwenye `chkdsk` ni kurekebisha makosa ya diski. Kwa hiyo `del /f *.*` bila `/q` itauliza kama kawaida, na aliyedhani ameinyamazisha atakuta skripti imeganda. Andika jina la amri na `/?`, usome, ndipo uandike skripti. Inachukua dakika moja.

Sasa kuhusu `echo y|`. Inajibu swali lolote litakalotangulia kufika, hata kama silo ulilokusudia. Huko ni kununua mbuzi kwenye gunia. Tena inajibu mara moja tu: swali la pili likija, hakuna kilichobaki cha kulijibu. Na herufi yenyewe inategemea lugha ya Windows. Ukikabidhiwa mashine ya mtumba iliyotoka Ujerumani na Windows yake ya Kijerumani, ndiyo yao ni J. Naikubali mahali pamoja tu, pale chombo kisipokuwa na swichi kabisa, swali likawa moja, na ukawa umelisoma. `chkdsk C: /f` ni mfano: diski ya mfumo ikiwa inatumika, inauliza kama uchunguzi upangwe seva itakapowashwa tena. Zamani watu waliitumia pia kwa `cacls`, lakini siku hizi ipo `icacls`, na yenyewe haiulizi.

Hatua ya 3: net stop, swali linalostahili kusomwa

Hapa nakaa zaidi, kwa sababu madhara yake hayaonekani siku hiyo hiyo.

Ofisi nyingi zenye programu ya hesabu au ya wagonjwa zinatumia SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, na skripti ya usiku huisimamisha ili mafaili yanakiliwe. Ukiandika `net stop MSSQLSERVER` na kuna huduma nyingine (programu inayoendeshwa nyuma ya pazia) inayoitegemea, Windows inakuorodheshea huduma hizo na kukuuliza kama uendelee, maana nazo zitasimama. Ukiweka `/y`, swali linatoweka na huduma zote zinasimama. Mpaka hapo ni sawa.

Tatizo linakuja kwenye kuwasha. `net start MSSQLSERVER` inaiwasha huduma hiyo pamoja na zile ambazo yenyewe inazihitaji. Zile zinazoitegemea hairudi kuziwasha. SQL Server Agent, ambayo ndiyo inayoendesha kazi zilizopangwa ndani ya hifadhidata, inabaki imezimwa. Asubuhi wafanyakazi wanaingia, programu inafunguka, risiti zinatoka, na hakuna anayelalamika. Ila kazi zote zilizokuwa zikiendeshwa na Agent, bakapu za hifadhidata zikiwemo, zimesimama, na zitaendelea kusimama hadi seva iwashwe upya au mtu aangalie.

Lile swali lilikuwa likikupa orodha. Kwa hiyo kabla hujalizima, ichukue orodha hiyo:

```
sc enumdepend MSSQLSERVER
```

Kisha kila kilichotajwa na kilichokuwa kikiendeshwa, kiwashe kwa jina lake baada ya kunakili:

```
net stop MSSQLSERVER /y
rem hapa kunakili kunafanyika
net start MSSQLSERVER
net start SQLSERVERAGENT
```

Rudia kuangalia orodha kila unapofunga programu mpya kwenye seva, kwa sababu inaweza kuongezeka bila wewe kuambiwa.

Hatua ya 4: Ogopa zaidi amri zisizouliza

Ukiendesha `copy` au `move` kwa mkono na faili la jina hilo likiwepo, inauliza kabla ya kuandika juu yake. Ukiiweka amri hiyo hiyo ndani ya faili la bachi, haiulizi, inaandika tu. Ndivyo Microsoft walivyoitengeneza. Kwa hiyo jaribio la mkono linakupa picha isiyo ya kweli: umeona swali, ukajiambia kwamba kuna kinga, kumbe ndani ya skripti kinga hiyo haipo. Ukitaka iwepo, weka `/-y` waziwazi. Unapotaka iandike juu, weka `/y` hata kama si lazima, ili atakayeisoma skripti baada yako ajue ulikusudia.

`robocopy`, amri nyingine ya kunakili, nayo haiulizi kabisa. Ukiipa `/mir`, inafuta kwenye lengo kila kitu kisichokuwepo kwenye chanzo. Chanzo kikiwa folda tupu kwa sababu yoyote ile, bakapu yako nayo inakuwa tupu. Siitumii `/mir` kwenye skripti isiyo na ukaguzi mbele yake. Ukiitaka, anza kuiendesha na `/l`, ambayo inakuorodheshea itakachofanya bila kugusa kitu.

Robocopy ina kusubiri kwa aina nyingine pia. Faili likiwa limefunguliwa na mtu, inarudia kulijaribu mara 1,000,000, na kila jaribio inasubiri sekunde 30. Hayo ndiyo maagizo yake ya msingi usipoyabadilisha. Mhasibu akiondoka na faili lake la Excel likiwa wazi, skripti inaganda kama vile iliulizwa swali. Weka `/r:3 /w:10`.

Hatua ya 5: Ukizima swali, weka ukaguzi mahali pake

Swali la Y/N lilikuwa linakupa nafasi ya kuona njia ya folda kabla ya kufuta. Ukiliondoa, kazi hiyo ya kuangalia inabaki kwako, na uifanye kwa maandishi.

Hatari ya kwanza ni kigeu kitupu, yaani jina la kuhifadhia thamani ambalo halijapewa kitu. Ukiandika `rd /s /q "%LENGO%\zamani"` na `LENGO` haina kitu, amri inayotekelezwa ni `rd /s /q "\zamani"`, yaani kwenye mzizi wa diski uliyopo.

Ya pili ni `cd` iliyoshindwa. Task Scheduler, yaani programu ya Windows ya kupanga kazi kwa ratiba, usipoiambia pa kuanzia, inaanzia `C:\Windows\System32`. Skripti yenye `cd /d E:\bakapu`, kisha mstari wa pili `del /q *.*`, ikikuta diski E haipo, inabaki pale pale System32 na kuanza kufuta. Andika njia kamili kila mara. Ikikulazimu kuhama folda, andika `cd /d "E:\bakapu" || exit /b 4` ili ikishindwa itoke.

Ya tatu ni ya kwetu zaidi. Umeme ukikatika na kurudi, au mtu akichomoa diski ya nje ili achaji simu, diski inaweza kurudi na herufi nyingine, na E ikawa flashi ya mtu. Dawa yake ni faili la alama. Tengeneza kwenye diski ya bakapu faili dogo lenye jina ambalo halitakuwepo kwingine, kama `HII_NI_BAKAPU.txt`, na skripti isiguse kitu kama hailioni.

Hatua ya 6: Unapohitaji kuuliza, uliza kwa choice

Skripti hiyo hiyo mara nyingi utaiendesha mchana kwa mkono, na mchana swali lina faida. Wengi hutumia `set /p`. Ina kasoro mbili: haina muda wa kikomo, na mtu akibonyeza Enter tu, kigeu kinabaki na thamani kilichokuwa nayo mwanzo. Kama kilikuwa na Y kutoka swali lililotangulia, Enter imekuwa ndiyo. Ukilazimika kuitumia, tanguliza `set "jibu="`.

`choice` ni bora, na uzuri wake ni kwamba herufi unazichagua wewe. Watu wa ofisini wanasoma Kiswahili, basi waulize kwa Kiswahili:

```
choice /c NH /n /t 30 /d H /m "Nifute? N = Ndiyo, H = Hapana: "
```

Inasubiri sekunde 30, na asipojibu mtu, inachukua H. Jibu la kimya liwe Hapana siku zote. Sijaona sababu ya kuweka kinyume chake kwenye amri inayofuta au kuzima.

Namna ya kulisoma jibu ndipo watu wanapoangukia. N ni ya kwanza kwenye orodha, kwa hiyo `errorlevel`, namba ya matokeo ambayo amri huiacha, inakuwa 1. H inakuwa 2. Ukiandika `if errorlevel 1 goto fanya`, Windows inaelewa "ikiwa ni 1 au zaidi". Basi aliyebonyeza H naye anapelekwa kwenye kufuta. Hata `choice` yenyewe ikipata hitilafu na kurudisha 255, inafuta. Andika hivi:

```
if %errorlevel% equ 1 goto fanya
```

Na usiiweke `choice` ndani ya mabano ya `if` au `for`, kwa sababu `%errorlevel%` ndani ya mabano inasomwa kabla swali halijaulizwa.

Hatua ya 7: Skripti nzima

Hii ina hali mbili. Ukiiita peke yake inauliza. Ukiiita na neno `usiku` haiulizi, ila ukaguzi unabaki ule ule.

```
@echo off
setlocal
set "CHANZO=D:\ofisi"
set "LENGO=E:\bakapu"
set "LOGI=C:\kazi\bakapu.log"

if not exist "%LENGO%\HII_NI_BAKAPU.txt" (
    echo %date% %time% Diski ya bakapu haionekani. Nimeacha. >> "%LOGI%"
    exit /b 3
)
if /i "%~1"=="usiku" goto fanya

choice /c NH /n /t 30 /d H /m "Ninakili na kufuta bakapu za zaidi ya siku 14? N = Ndiyo, H = Hapana: "
if %errorlevel% equ 1 goto fanya
echo Nimeacha. Hakuna kilichoguswa.
exit /b 1

:fanya
echo %date% %time% Naanza kunakili >> "%LOGI%"
robocopy "%CHANZO%" "%LENGO%\ofisi" /e /r:3 /w:10 >> "%LOGI%"
if %errorlevel% geq 8 (
    echo %date% %time% Kunakili kumeshindikana. Sifuti kitu. >> "%LOGI%"
    exit /b 8
)
echo %date% %time% Naanza kufuta za zamani >> "%LOGI%"
forfiles /p "%LENGO%\hifadhidata" /m *.bak /d -14 /c "cmd /c del /q @path" >> "%LOGI%" 2>&1
echo %date% %time% Mwisho >> "%LOGI%"
exit /b 0
```

Robocopy hurudisha namba hata ikifanikiwa. 1, kwa mfano, ni kwamba kuna mafaili yamenakiliwa. Kushindwa kunaanzia 8. `forfiles` nayo ikikosa faili la kufuta huandika kosa kwenye logi, lakini hilo si tatizo. Mara ya kwanza badilisha `del /q @path` iwe `echo @path`, usome orodha ya yatakayofutwa, ukiridhika ndipo urudishe `del`.

Toa `pause` zote. Kama ulitumia `timeout` kusubiri, jua kwamba inakataa kufanya kazi pale ingizo la skripti linapotoka kwingine badala ya kibodi. Badala yake watu hutumia `ping -n 31 127.0.0.1 >nul`, inayosubiri kama sekunde 30.

Hatua ya 8: Iweke kwenye ratiba

```
schtasks /create /tn "BakapuUsiku" /tr "C:\kazi\bakapu.cmd usiku <nul" ...
```

Utaona wengine wanaandika hivyo, lakini `<nul` si ya kutegemewa pale bila kupitia `cmd`. Iandike hivi:

```
schtasks /create /tn "BakapuUsiku" /tr "cmd /c C:\kazi\bakapu.cmd usiku <nul" /sc daily /st 23:00 /ru SYSTEM /f
```

23:00 ni saa 5 usiku yetu. Ukimwandikia mtu wa ofisi maelekezo, weka saa zote mbili, maana kosa la saa sita ni rahisi kutokea. Kazi ya `<nul` ni kwamba kama kuna amri itakayouliza bila wewe kutarajia, haitapata kibodi ya kusubiri. Amri nyingi zikikosa ingizo hujitoa, lakini ijaribu kila moja kwenye ile folda ya majaribio kabla hujaitegemea.

Sasa ingia Task Scheduler yenyewe, ufungue kazi uliyoitengeneza, kichupo cha Settings. Utakuta kazi imeruhusiwa kuendelea kwa siku 3 kabla ya kusimamishwa, na kama bado inaendelea, nyingine mpya haianzishwi. Unganisha mambo hayo mawili: skripti ikiganda Ijumaa saa 5 usiku, ya Jumamosi haianzi, ya Jumapili haianzi, na iliyoganda inaondolewa Jumatatu usiku. Swali moja la Y/N limekula bakapu za wikiendi nzima. Punguza siku 3 ziwe saa 2, au muda wowote unaozidi kidogo ule ambao kazi yako huchukua.

Kwenye mashine ambayo skripti inaendeshwa kwenye dirisha linaloonekana, mtu aliyepo zamu anaweza kukusaidia kwa simu, na mara nyingi mtu huyo ni mlinzi. Mazungumzo yenye manufaa huwa hivi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba kijana wangu. Hapa kuna maandishi meupe, mwishoni pana Y, mkwaju, N, na alama ya kuuliza. Nibonyeze?"

"Hapana babu, usibonyeze kitu. Naomba unisomee mstari wa juu yake, hata herufi moja moja."

Mstari huo wa juu ndio wenye njia ya folda. Kama hamwezi kuusoma ukaeleweka, skripti ife: afunge dirisha, na kazi ifanyike asubuhi. Kama ilikuwa kwenye ratiba bila dirisha, izime ukiwa mbali kwa `schtasks /end /tn "BakapuUsiku"`.

Kuzima na kuwasha upya

`shutdown /r /t 300` inaonekana ya upole kwa sababu inatoa dakika 5. Lakini muda wowote ulio zaidi ya 0 unabeba `/f` ndani yake, yaani programu zinafungwa bila wenyewe kuulizwa kama wahifadhi kazi. Msimu wa watalii, kuanzia Juni hadi Oktoba, watu wa ofisi za safari wanabaki hadi usiku wakijibu wageni na kufunga hesabu za magari. Mama mhasibu akiwa katikati ya kazi, yale maandishi yake yanapotea.

Tanguliza ukaguzi:

```
query user | find "Active" >nul && exit /b 5
msg * "Seva itazima baada ya dakika 5. Hifadhi kazi yako."
shutdown /r /t 300 /c "Matengenezo ya usiku"
```

Mstari wa kwanza unaiacha kazi kama kuna mtu aliyeingia kwenye seva na anaendelea. Hauwaoni waliofungua mafaili kwa mtandao tu. Hao watazame kwa `net session`. Na ukigundua umeharakisha, `shutdown /a` inasitisha kama muda haujaisha. Kwa ofisi ambayo iko mbali, tuseme wewe uko Moshi na seva iko Arusha, kilomita 80 hivi za barabara, mpigie mtu simu kabla, hata kama skripti ina ukaguzi wote huo.

Kwa wenye Linux

Kanuni ni zile zile. `apt-get -y` peke yake haitoshi, kwa sababu faili la mipangilio ulilolihariri likija na toleo jipya, `dpkg`, inayosakinisha vifurushi chini ya `apt-get`, inasimama kuuliza ubakize lipi. Bakiza la kwako:

```
sudo DEBIAN_FRONTEND=noninteractive apt-get -y -o Dpkg::Options::="--force-confdef" -o Dpkg::Options::="--force-confold" upgrade
```

Kwa `ssh` (amri ya kuingia seva nyingine kwa mtandao) ndani ya skripti, weka `-o BatchMode=yes`, ili ikikosa ufunguo ishindwe papo hapo badala ya kuomba nenosiri. Kwa `sudo` weka `-n` kwa sababu hiyo hiyo. `yes |` ni ndugu wa `echo y|` na ni mbaya zaidi, maana haichoki kujibu. Na `ufw enable` inapokuonya kwamba inaweza kukata miunganisho ya ssh, isikilize: ruhusu ssh kwanza kwa `ufw allow OpenSSH`, ndipo utumie `ufw --force enable`.

Asubuhi

Usingoje kuambiwa. Endesha:

```
schtasks /query /tn "BakapuUsiku" /v /fo list
```

Tafuta mstari wa Last Result. 0 ni kwamba skripti ilifika mwisho. 3 ni namba tuliyoiandika wenyewe, diski ya bakapu haikuonekana. Mpigie mtu wa ofisi aangalie waya. 267009 ni Windows inakwambia kazi bado inaendelea. Ukiikuta namba hiyo saa 2 asubuhi, na bakapu yako huchukua nusu saa, fungua logi uende mstari wa mwisho kabisa. Amri inayofuata baada ya mstari huo kwenye skripti ndiyo inayosubiri jibu. Iendeshe kwa mkono kwenye `C:\jaribio`, usome inachouliza, na urudi hatua ya 2.